Diwani mpya na kabrasha la kurasa 240: nianzie wapi kuikagua halmashauri yangu?

Bi Mwalimu (muuliza swali)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni diwani wa kata ya kijijini katika wilaya mojawapo ya ukanda wa korosho hapa Tanzania, na hiki ni kipindi changu cha kwanza. Kabla ya siasa nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 18, kwa hiyo kusoma na kusahihisha si kazi ngeni kwangu. Hata hivyo nakiri kwamba kabrasha la kikao cha Baraza la Madiwani limenielemea. Nililetewa jioni ya kuamkia kikao, lina kurasa 240, nusu yake ni majedwali, na asubuhi mwenyekiti alipouliza kama tumelipitia, ukumbi mzima uliitikia "tumelipitia", nami nikiwemo.

Jambo lililonikera ni hili. Taarifa ya nusu mwaka ilisema halmashauri imekusanya asilimia 104 ya lengo la mapato ya ndani kwa kipindi hicho, na wajumbe wakapiga makofi. Katika kata yangu lipo boma la zahanati ambalo wananchi walilijenga kwa nguvu zao hadi kwenye lenta, wakaahidiwa kwamba halmashauri italimalizia, na sasa ni mwaka wa pili mbao za kupaulia hazijaletwa na mvua imeanza kulegeza matofali. Niliposimama kuuliza, nilijibiwa kwamba fedha zikipatikana kazi itaendelea. Nikabaki najiuliza: kama tumekusanya kupita lengo, fedha hizo zitapatikana lini tena? Sikupewa nafasi ya swali la nyongeza, na baada ya kikao mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba Baraza ni nyumba moja na mambo ya nyumba huzungumzwa chumbani.

Nimepangwa katika Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Naomba mwenye uzoefu anieleze kurasa zipi nizisome kwanza, bajeti na mali za halmashauri hukaguliwaje na mtu asiye mhasibu, na nitauliza vipi bila kuonekana kwamba ninamwinda Mkurugenzi.

Mwekahazina Mstaafu

Mheshimiwa Diwani, hongera kwa kuaminiwa na watu wa kata yako. Nilianza kazi mwaka 1984, mwaka ambao halmashauri za wilaya zilirejea baada ya kufutwa mwaka 1972, na nilistaafu nikiwa mwekahazina. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeandaa majedwali ya aina hiyo, kwa hiyo nitakueleza maswali yaliyokuwa yakinitoa jasho, ambayo kwa bahati yangu yaliulizwa mara chache.

Anza na ile asilimia 104, kwa sababu asilimia haisemi kitu mpaka ujue ni ya nini. Lengo lililotumika ni lile mlilopitisha kabla ya Julai, au lililorekebishwa baadaye? Lengo likishushwa, makusanyo hupanda kwenye karatasi bila hata shilingi moja kuongezeka benki. Halafu tazama msimu. Ninyi mko kwenye korosho: minada huanza Oktoba, na ushuru wa mazao humiminika kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa mwaka mpya. Ikiwa lengo la mwaka mzima limekatwa katikati tu, nusu kwa nusu, basi nusu ya kwanza lazima itapendeza, na nusu ya pili, maghala yakiwa matupu, itachechemea. Kipimo cha haki ni kulinganisha Oktoba hadi Desemba ya mwaka huu na Oktoba hadi Desemba ya mwaka uliopita, chanzo kwa chanzo. Hapo huenda ukakuta kwamba korosho peke yake imebeba mzigo wote, ilhali ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwa asilimia ndogo ya mauzo baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa, pamoja na leseni za biashara na ushuru wa stendi, vimelala usingizi. Nimewahi kupigiwa makofi mwaka ambao bei mnadani ilipanda. Kazi ile aliifanya mnunuzi, si mimi.

Jambo jingine ni mapato lindwa. Katika jumla ya makusanyo huingizwa pia fedha ambazo tayari zina mwenyewe, kwa mfano uchangiaji wa huduma za afya, ambao hutumika kwenye vituo vilivyoukusanya. Halmashauri haiwezi kupaua zahanati yako kwa fedha ya dawa ya kituo cha kata nyingine. Muombe mwekahazina atenganishe mapato lindwa na yasiyolindwa, kwa maana ni katika haya ya pili ndipo hukatwa ile asilimia 10 ya mikopo na sehemu inayokwenda kwenye miradi. Tuseme mmekusanya shilingi bilioni 2.4 na kati yake milioni 600 ni lindwa. Zimebaki bilioni 1.8. Asilimia 10 yake ni milioni 180, na mgawo wake unafahamika: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, yaani milioni 72, milioni 72 na milioni 36. Ikiwa halmashauri yenu inatakiwa kuelekeza asilimia 40 kwenye maendeleo, hiyo ni milioni 720. Hesabu hizi uliwafundisha watoto, Mwalimu. Zifanye pembeni ya ukurasa kwa kalamu ya risasi, kisha fungua jedwali la matumizi uone kama hizo milioni 720 zilipelekwa kwenye akaunti za miradi au zilitengwa tu. Kutenga na kupeleka ni vitenzi viwili, na taarifa nyingi hutumia cha kwanza pale ambapo msomaji anadhani anasoma cha pili.

Kuhusu ukusanyaji wenyewe, enzi zetu tulihesabu vitabu vya stakabadhi, HW5, na kitabu kikipotea tulijua fedha nayo imepotea. Siku hizi mkusanyaji anabeba POS, mashine ya kielektroniki ya kutolea stakabadhi, na mfumo unaonyesha alichokusanya na alichopeleka benki. Pengo kati ya namba hizo mbili ni deni lake. Omba orodha ya wadaiwa wa POS, yenye kiasi na tarehe, si jumla tupu. Mara nyingi utakuta fedha ilitumika ikiwa mbichi, kabla ya kufika benki: imelipa mafuta ya pikipiki, imelisha wageni, pengine imefanya hata jambo la maana, lakini nje ya bajeti mliyoipitisha.

Mwishoni mwa kabrasha tafuta ukurasa wa uhamisho wa mafungu, yaani fedha iliyopangiwa kazi moja kupelekwa kwenye kazi nyingine. Huwa mfupi, huwa nyuma kabisa, na hufikiwa saa nane mchana watu wakiwa na njaa. Boma lako kama lilikuwa na fungu, nina wasiwasi limefia humo. Usijisumbue kudai hati za malipo, kwani mtu asiye mhasibu akiletewa boksi la vocha huzama nalo.

Bi Mwalimu

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Huo uhamisho wa mafungu hufanywa na Mkurugenzi peke yake au sisi madiwani tunahusishwa?

Mwekahazina Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hupita Kamati ya Fedha, kisha Baraza. Kwa hiyo ikiwa umefanyika kihalali, muhtasari upo na una saini. Na ikiwa muhtasari haupo, hapo ndipo una swali zito kuliko la zahanati.

Diwani wa Stendi

Mheshimiwa mwenzangu, mimi niko kipindi cha pili katika halmashauri ya mji, na mwaka wangu wa kwanza niliupoteza wote nikipiga kelele barazani. Kelele zile ziliandikwa kwenye muhtasari kwa mstari mmoja: "Wajumbe walihimiza usimamizi wa karibu." Ndipo nilipojifunza kwamba Baraza si mahali pa kugundua jambo. Ugunduzi hufanyika kwenye kamati na kwenye ziara, na barazani hupelekwa jambo lililokwisha kuiva. Kamati yako ya Fedha hukutana kila mwezi, wakati kamati nyingine na Baraza lenyewe hukutana kila miezi 3, kwa hiyo umepewa kiti ambacho wengi wetu tulikililia.

Katika ziara ya kukagua miradi, usikubali kupangiwa miradi mitano mizuri iliyo kando ya lami. Kamati iombe orodha ya miradi yote iliyopokea fedha katika robo ile, ichague yenyewe, na ichague angalau mmoja ambao taarifa inasema umekamilika. Nenda na taarifa mkononi. Taarifa ikisema matundu 8 ya choo, hesabu matundu. Uliza kamati ya ujenzi ya kijiji ilipokea mifuko mingapi ya saruji na iliyobaki imehifadhiwa wapi, na uulize mbele ya mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu watu hao wanajua na hawajaandaliwa.

Nataka hasa nizungumzie mali, maana mzee wetu hapo juu amezama kwenye fedha na mali ameziacha, ingawa ndizo zinazoliwa kimyakimya. Sisi tuna vyumba vya maduka kuzunguka stendi. Kwenye kabrasha kilikuwapo kipengele cha mapato ya pango, kinatimia kila mwaka kwa asilimia 95 au zaidi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Siku moja nilimuuliza kijana anayeuza simu katika chumba kimojawapo analipa kiasi gani kwa mwezi. Alinitajia kiasi ambacho ni mara 5 ya pango lililoandikwa kwenye mkataba wa halmashauri. Aliyeandikwa kwenye mkataba si yeye. Ni mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti pale stendi, anachukua pango la kijana, anaipa halmashauri sehemu yake ndogo, na tofauti anaitia mfukoni. Lengo la mapato lilikuwa linatimia kwa sababu lenyewe lilikuwa dogo. Tulichofanya ni kuomba jedwali lenye safu nne: namba ya chumba, jina lililo kwenye mkataba, tarehe ya mwisho wa mkataba, na jina la aliyekutwa ndani siku ya ukaguzi. Safu ya nne ndiyo iliyoleta kizaazaa, na baadhi ya majina ya safu ya pili yalikuwa ya jamaa za watu tuliokuwa tumekaa nao mezani.

Kwa wilaya ya kijijini utakuwa na vitu vingine. Uliza ni shule ngapi na zahanati ngapi zina hati miliki ya ardhi, au hata ramani ya upimaji tu, kwa sababu eneo lisilopimwa huliwa na majirani hatua moja kila msimu wa kilimo. Uliza juu ya magari yaliyolala juu ya mawe nyuma ya ofisi: yapo mangapi, tangu lini, na je, injini zake bado zimo? Gari la umma huuzwa baada ya kuthaminiwa na kupata kibali, kwa utaratibu wa wazi. Likikaa miaka 7 likichomolewa kifaa kimojakimoja, siku ya mnada huuzwa kama chuma chakavu, na aliyenunua chuma hicho anajua spea zake zilipo. Yote haya hutakiwa kuwa kwenye rejista ya mali za kudumu. Muombe Mkurugenzi rejista hiyo iletwe kwenye kamati, kisha uchague vitu 10 mkaviangalie kwa macho. Na fanyeni pia kinyume chake: chagueni vitu 10 mnavyoviona uani, mkatafute kama vimo kwenye rejista.

Kuhusu yule mzee wa mambo ya chumbani, nitasema ukweli wangu. Sisi tunaotoka chama kimoja tuna kikao chetu kabla ya Baraza, na kikao hicho si kibaya. Mengi huwekwa sawa humo. Ubaya huja pale hoja ya fedha inapomalizwa kwenye kikao cha chama, ambacho muhtasari wake si wa umma, kisha barazani tukaitikia tu. Mimi nilianza kuuliza maswali yangu mahali pote pawili, kwa maneno yaleyale, na baada ya muda walinizoea.

Mkaguzi wa Ndani

Ndugu wachangiaji, mimi ni mkaguzi wa ndani katika halmashauri, na nitaomba radhi kwa mzee wangu Mwekahazina kwa kumpinga katika jambo moja. Si kweli kwamba diwani asiguse hati za malipo kabisa. Asichopaswa kufanya ni kuingia ofisi ya uhasibu na kufungua makabati, kwani hilo humweka mahali pa mtendaji na kesho yake akashindwa kumhoji mtendaji. Lakini akiwa na malipo mahususi yanayomtatiza, tuseme fundi amelipwa awamu ya tatu na jengo liko awamu ya kwanza, kamati inaweza kumtaka Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa Baraza na Afisa Masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha za halmashauri, alete nyaraka za malipo hayo. Ombi liwe la maandishi na litaje namba ya mradi. Kanuni za Kudumu za halmashauri yenu zinaeleza notisi na utaratibu wa maswali, na humo pia zimo siku ambazo kabrasha linapaswa kuwafikia kabla ya kikao. Nakushauri, Mheshimiwa, uzisome kabla ya kabrasha lijalo. Kama lilikufikia usiku wa kuamkia kikao, hoja yako ya kwanza ni hiyo, na ni hoja ambayo haimgusi mtu binafsi.

Ofisi yangu huandaa taarifa kila robo mwaka. Wapo madiwani wanaomaliza miaka 5 bila kuiulizia, na kwa upande wetu, nikiri, tunajua kuiandika kwa lugha isiyomwamsha mtu. Uliza Kamati ya Fedha imeipokea lini mara ya mwisho, na ni mapendekezo gani ya robo zilizopita ambayo hayajatekelezwa. Tusichanganye pia majina: Kamati ya Ukaguzi si miongoni mwa kamati zenu za kudumu, kwa hiyo msijifariji kwamba kuna wenzenu wanaokagua huko.

Kuhusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, watu wengi huishia kwenye aina ya hati. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, mabango hubandikwa na pongezi hutolewa. Hati hiyo inasema kwamba hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika na zinaonyesha hali halisi katika mambo ya msingi. Haisemi kwamba kila shilingi ilitumika kwa busara, wala kwamba zahanati imepauliwa. Halmashauri inaweza kuwa na hati nzuri na bado ikawa na hoja 40 za ukaguzi zisizofungwa, yaani maswali ya mkaguzi ambayo hayajapata jibu la kuridhisha. Soma kiambatisho cha hoja za miaka ya nyuma, na utazame zile zinazorudi kila mwaka zikiwa na jibu lilelile: "Maoni ya mkaguzi yamezingatiwa."

Kumbuka kalenda pia. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, hesabu hukamilishwa Septemba 30, na taarifa ya Mkaguzi Mkuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi kabla ya kuwasilishwa bungeni. Baraza maalum la kujadili hoja, ambalo kwa kawaida Mkuu wa Mkoa huhudhuria, hufanyika baada ya hapo. Maana yake mnajadili mambo ambayo mengine yana umri wa karibu miaka miwili, na baadhi ya wahusika wamekwisha kuhamishwa. Ndiyo sababu nasisitiza taarifa za robo: huko mtu bado yuko kwenye kiti chake na fedha bado ina alama za miguu.

Mlipa Ushuru

Nimesoma yote, na kwa heshima zote kwa waheshimiwa, sisi wa chini tunaona jambo jingine. Bajeti mnaipitisha ninyi, uhamisho wa mafungu mnaupitisha ninyi, halafu mnakuja kutulalamikia kama vile mlikuwa nje ya mlango. Mikopo ya asilimia 10 iliposimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa hewa, nilijiuliza: hivyo vikundi hewa havikuwa na kata? Diwani wa kata hiyo hakuwajua wanawake wa kata yake?

Diwani wa Stendi

Ndugu yangu, hilo sina la kulijibu zaidi ya kusema ni kweli. Katika kata yangu kikundi kimoja kiliandikwa kuwa cha ufugaji wa kuku, na banda sikuwahi kuliona kwa sababu sikwenda. Mikopo iliporejeshwa mwaka 2024 nilianza kuyasoma majina ya waombaji kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa sauti, mbele ya wenyeviti wa mitaa. Kikundi kisichojulikana na mwenyekiti wa mtaa wake hakitoki hapo.

Karani wa Pwani

Salamu kutoka Kenya. Nimehudumu miaka kadhaa kama karani wa kamati katika bunge la kaunti mojawapo, na nimeufuatilia mjadala huu kwa hamu, maana tatizo ni moja ila nyumba zimejengwa tofauti. Kwetu, tangu mwaka 2013, wawakilishi wadi hawako ndani ya serikali ya gavana. Bunge la kaunti na serikali ya gavana ni mihimili miwili, na Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 185, imelipa bunge kazi ya kuisimamia kamati kuu ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake. Ibara ya 195 inaliwezesha kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kudai nyaraka. Makadirio ya bajeti lazima yafike bungeni kufikia Aprili 30, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha taarifa za utekelezaji wa bajeti za kaunti zote 47, hivyo mwakilishi ana namba ambazo hazikuandikwa na anayemhoji. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inataka pia angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti ielekezwe kwenye maendeleo kwa kipindi cha kati.

Msidhani, hata hivyo, kwamba kutenganisha mihimili kumemaliza kazi. Nimeona kamati yenye mamlaka ya Mahakama Kuu ikimwita waziri wa kaunti, waziri akaja na jibu la ukurasa mmoja, na wajumbe wakamshukuru kwa kufika. Nimeona pia mwakilishi mmoja, bila mamlaka yoyote ya ziada, akiweka kando ya kiti chake faili la majibu yote ya serikali kwa maswali yake ya miaka mitatu, na kila afisa alipojibu, yeye alikuwa akigeuza kurasa polepole. Maafisa walimwogopa mwakilishi huyo kuliko walivyoiogopa hati ya kuitwa. Bi Mwalimu, makabrasha ya zamani usiyatupe.

Bi Mwalimu

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano. Nianze kwa kusema kwamba makabrasha ya zamani sikuwa nayo, kwa kuwa mimi ni mgeni, lakini mtendaji wa kata yangu alinitafutia ya mwaka uliopita kwa diwani aliyenitangulia. Yalikuwa yamehifadhiwa juu ya kabati, mengine hayajafunguliwa hata gundi ya bahasha.

Kwenye Kamati ya Fedha niliomba mambo matatu tu, kwa barua niliyompelekea Mkurugenzi siku nane kabla: mapato ya nusu mwaka yakiwa yametenganishwa lindwa na yasiyolindwa na kulinganishwa na nusu ya kwanza ya mwaka jana, orodha ya wadaiwa wa POS, na mihtasari yote ya uhamisho wa mafungu ya mwaka wa fedha uliopita. Mkurugenzi hakukasirika. Aliniambia kwamba hii ndiyo mara ya kwanza anapata swali la diwani likiwa limechapwa. Mwekahazina alileta mawili ya kwanza siku ileile. Korosho imebeba kama mzee alivyosema. Tukiiondoa, makusanyo yaliyobaki yameshuka kuliko mwaka jana, na ushuru wa huduma ndio ulioanguka zaidi. Kwenye orodha ya wadaiwa wa POS yumo mtendaji wa kijiji kilicho katika kata yangu mwenyewe, ambaye deni lake lina miezi 14. Nimekwisha kukaa naye, na ameanza kulipa.

Mihtasari ilichukua wiki mbili zaidi. Boma la zahanati lilikuwa na fungu la shilingi milioni 40 kutoka mapato ya ndani katika bajeti ya mwaka jana. Mwezi Februari fedha hizo zilihamishwa, milioni 26 zikalipa madeni ya wazabuni na milioni 14 zikanunua matairi na kutengeneza magari mawili. Utaratibu ulifuatwa. Uhamisho ulipita Kamati ya Fedha, ukapita Baraza, muhtasari una saini, na katika orodha ya waliohudhuria limo jina la diwani wa kata yetu wa wakati ule. Hakuna alipoandikwa kuwa ameuliza chochote. Nimemuuliza kwa heshima, kwa kuwa ni mtu mzima na ni jirani yangu, naye akanijibu kwamba hakumbuki ukurasa huo.

Kwa bajeti ya mwaka ujao nimeomba fungu lirudishwe, na kamati imekubali milioni 40 zilezile, ingawa fundi anasema sasa zitahitajika zaidi kwa sababu kozi tatu za juu za matofali zinabidi kubomolewa. Kabla ya hapo lazima niwaeleze wananchi waliobeba mchanga kwa vichwa vyao kwamba fedha yao haikuibwa wala haikukosekana, bali tuliinyanyulia mikono sisi wenyewe. Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata ni Jumanne, na mkutano wa kijiji ni Jumamosi inayofuata.